Safari ya kwa Mkapa Jumamosi

Ndugu zangu wa tawi, salaam.

Jumamosi tunakwenda kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kutazama mpira. Kwa wanaoingia mara ya kwanza: uwanja ulifunguliwa 2007, una viti takriban 60,000, na kila shabiki ana kiti chake. Nawaomba sana tusikae kwenye ngazi. Ndiyo njia ya kutokea watu wote likitokea la kutokea, na mtu akizimia machela hupita hapo hapo. Tawi letu lisiwe la kuziba njia.

Kuhusu pa kukaa, wengi mnakimbilia chini mkidhani ndiko karibu. Kati ya jukwaa na nyasi kuna njia ya riadha, hivyo ukiwa chini nyuma ya goli, mpira ukienda upande wa pili unaambulia migongo tu. Mimi nashauri mzunguko wa juu. Timu inavyojipanga unaiona yote, na paa linakukinga jua.

N-Card, zile kadi za kielektroniki za kulipia tiketi, ziwe na salio tangu Ijumaa. Wenye watoto tuingie mapema, kabla mageti hayajafurika. Anayetaka nafasi kwenye Coaster aandike hapa leo.