Mwanangu, usiogope bei ya mhariri

Mwanangu mpendwa,

Nimeona ulivyoshtuka kwa bei aliyokutajia mhariri. Unauliza kama si afadhali rafiki yako akupitie mswada wa kitabu chako bure. Rafiki atakutia moyo, na hilo ni jema, ila uhariri ni kazi nyingine.

Hebu tupige hesabu. Una maneno 60,000. Ukurasa mmoja wa mswada kwa kawaida huhesabiwa maneno 250, kwa hiyo una kurasa 240. Anayehariri lugha akipitia kurasa sita kwa saa, hizo ni saa 40, wiki nzima ya kazi, na hapo kasoma mara moja tu. Gawa bei yake kwa saa hizo, ndipo useme ni ghali au la.

Saa zote hizo anafanya nini? Katika sura ya pili umeandika: "Juma alimkuta baba yake amelala, akamfunika shuka lake." Shuka la nani? Wewe unajua, msomaji hajui. Mhariri atakuuliza hapo hapo. Atakuuliza pia shangazi uliyemzika sura ya nne amefikaje harusini sura ya tisa. Macho yako yameshauzoea mswada mno; yanasoma ulichokusudia, si ulichoandika.

Ila zingatia mpangilio. Uhariri wa maudhui na muundo hutangulia, wa lugha hufuata, na kusoma prufu, yaani kusaka makosa madogo yaliyobaki, huja mwisho, kurasa zikishapangwa. Ukianza na lugha, kesho utafuta sura nzima uliyokwisha kulipia kunyooshwa. Uandike upya kwanza wewe mwenyewe, hadi usione tena cha kugusa. Mswada uliotulia humpunguzia mhariri saa, nawe gharama.

Kabla ya kulipa, mwombe akuharirie kurasa chache uone. Sauti yako bado imo? Akiigeuza yote ikawa yake, mwache, hata akiwa wa bei nafuu. Andikianeni kazi ni ipi, ataipitia mara ngapi, itakwisha lini na malipo ni kwa awamu zipi. Kukubali au kukataa pendekezo lake kunabaki kwako.

Fedha isipotosha, omba tathmini tu: ausome mswada wote akuandikie ripoti, bila kugusa sentensi. Huwa nafuu zaidi, na kwa mswada wa kwanza kama huu naona ndiko pa kuanzia.

Akikurudishia hizo kurasa chache za majaribio, nitumie nami nizione.

Mama yako