Wanaonunua madeni yetu nao watajwe

Mhariri,

Kila mjadala wa madeni ya Afrika unapozuka, lawama huishia kwa serikali zetu zinazokopa ovyo. Zinastahili. Lakini mbona wanaonunua madeni hayo kwa bei ya chini, kisha wakayadai kwa faida, hawatajwi?

Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia dola milioni 15 hivi za kununulia matrekta na zana nyingine za kilimo. Bei ya shaba, ambayo Zambia huitegemea, ikaporomoka, deni likashindikana kulipika. Mwaka 1999 kampuni ya Donegal International ililinunua kwa dola zisizofika milioni 4, kisha ikaenda mahakamani London kudai zaidi ya milioni 55. Mwaka 2007 ikapewa milioni 15 na ushei.

Donegal haikuwahi kuikopesha Zambia hata senti moja! Na ilikuwa ikidai wakati nchi hiyo ndiyo kwanza imesamehewa madeni mengi na, Aprili 2006, kufuta ada ya matibabu katika zahanati za vijijini. Fedha za dawa ndizo zilizokuwa zikiviziwa.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2010 kubana kesi za namna hii, ila inahusu madeni ya zamani tu. Hatifungani za Eurobond, yaani hati za mkopo ambazo Kenya inawauzia sasa wawekezaji wa nje kwa fedha za kigeni, zinazofuata sheria za Uingereza, haziguswi. Wabunge wetu wadai kuisoma mikataba ya hatifungani hizo kabla haijatiwa saini, hasa vifungu vinavyoeleza nani anaweza kutushtaki, na katika mahakama ipi.

Msomaji,
Mombasa