Familia za wanajeshi zipewe njia ya kupata kumbukumbu za utumishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo familia nyingi za wanajeshi wastaafu huku Kanda ya Ziwa hulimeza kimya kimya: askari anarudi nyumbani na akili iliyojeruhiwa, na jamaa zake hawana hata karatasi moja ya kumwonyesha daktari.

Kaka yangu alitumikia jeshi, akapelekwa nje ya nchi kulinda amani, kisha akastaafu na kujenga hapa Igoma. Haukupita muda usingizi ukampaa. Mlango ukibamizwa anaruka, hasira zake zikawa za karibu, na wifi yangu akahamia chumba cha watoto. Wapo ndugu waliosema karogwa. Tulipomfikisha hospitalini, daktari alitusikiliza kwa utulivu, kisha akauliza alihudumu wapi, kwa muda gani, kama aliwahi kuumia kichwa, na alitibiwa nini akiwa kikosini. Hakuna aliyeweza kujibu, na mgonjwa mwenyewe hataki kuyataja.

Maswali hayo si udadisi. Kiwewe cha vita kinaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya tukio, na dalili zake huchanganyika kwa urahisi na za sonona, za ulevi, au za ubongo uliotikiswa na mlipuko, hivyo daktari asiyejua historia ya mgonjwa hulazimika kukisia. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kwa siku moja walipokuwa wakilinda amani Kivu Kaskazini, Kongo, na wengine wengi wakajeruhiwa. Waliokufa taifa liliwaaga kwa heshima. Walionusurika waliyaona yaleyale, na sijasikia wakizungumzwa sana.

Tulipoomba muhtasari wa utumishi na matibabu ya kaka, ofisi moja ilitujibu kwa mdomo kwamba mambo ya jeshi ni siri, ikaishia hapo. Sibishi kwamba jeshi lina siri zake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa zinazoweza kudhuru ulinzi wa nchi. Lakini sheria hiyohiyo inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, inataka ajibiwe ndani ya siku 30, na akinyimwa aelezwe sababu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kuzifikia taarifa zinazomhusu yeye mwenyewe. Kikosi kilipiga kambi wapi na kilibeba silaha gani, hayo yabaki kwao. Ni adui gani atakayenufaika kwa kujua kwamba mstaafu fulani alishonwa kichwani?

Kwa familia zilizo katika hali kama yetu, nashauri ombi liandikwe kwa jina la askari mwenyewe na kwa sahihi yake, litaje namba yake ya jeshi, kikosi na miaka ya utumishi, na liombe mambo machache yanayotajika badala ya jalada zima, kwa kuwa ombi pana ni rahisi kukataliwa. Lipelekwe masjala kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo hamtakuwa na ushahidi wa siku lilipofika. Wala matibabu yasisubiri majibu. Hospitali ya Bugando inahudumia wagonjwa wa akili, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia kuifikisha familia huko. Mke na watoto nao waonwe, kwani wanaoishi na mtu mwenye kiwewe huanza wenyewe kukosa usingizi, na mtoto anaweza kuporomoka shuleni bila mwalimu kujua kinachomsumbua.

Ombi langu kwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ni kwamba kila askari anayestaafu akabidhiwe, pamoja na hati za mafao yake, muhtasari wa matibabu uliofungwa kwa lakiri ili ufunguliwe na daktari tu, na kwamba waliokwisha kustaafu watangaziwe ofisi ya kuuombea hapa Mwanza, ili mgonjwa asilazimike kusafiri hadi Dodoma au Dar es Salaam kufuata karatasi inayomhusu.

Msomaji wako,
Igoma, Mwanza