Kwa Salum, kuhusu bodi iliyomwagikiwa chai

Salum ndugu yangu,

Salamu kwako na wote hapo nyumbani. Hiyo laptop ya mteja wako iliyomwagikiwa chai ya maziwa bado ina nafasi ya kupona, ila usiichomeke chaji tena, hata kwa kujaribu. Chomoa betri kubwa, kisha ile ya saa, CR2032. Kinachoila bodi, yaani ubao mkuu wa saketi, ni umeme unaopita ndani ya maji. Palipo na volti shaba huliwa, na kutu ya kijani huendelea, hata mashine ikiwa imezimwa. Mchele wa kuifukia ikauke, mwambie mwenyewe aupike tu. SSD (diski ya data) itoe uiweke pembeni, maana mara nyingi data ndiyo inayomliza mteja.

Kwenye kuosha ndipo kazi nyingi huharibikia. Fundi anamwaga spiriti ya isopropili, bodi inang'aa, mteja anaondoka nayo, halafu inarudi. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, inayeyuka kwenye maji, na mafuta ya maziwa yanataka sabuni. Kwa hiyo toa feni, hitsinki (chuma cha kupoozea) na pedi zake, kisha sugua kwa mswaki laini na maji yaliyotoneshwa yenye sabuni kidogo. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, ndipo umalizie na isopropili ya asilimia 99 ili ifukuze maji. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa imebeba maji ndani yake. Maji ya betri ya gari yanafaa, ila soma chupa vizuri, wengine huuza asidi. Ukipata mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, dakika tano hadi kumi zinatosha, na usitie spiriti humo, inashika moto. Kausha kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa saa kadhaa, maana maji hujificha chini ya chipu kubwa.

Kisha pima kabla ya kuwasha. Multimita kwenye omu (ukinzani), waya mweusi kwenye tundu la skrubu, ambalo ni ardhi ya bodi, mwekundu kwenye koili mojamoja, vile visanduku vya waya vinavyopitisha umeme. Njia kuu ya 19 V, inayobeba umeme wa chaji, ikisoma omu chache, hiyo ni shoti: umeme unavuja kwenda ardhini. Koili za prosesa zikisoma omu chache usishtuke, ndivyo zilivyo, na prosesa nyingi nzima zimeng'olewa bure kwa sababu hiyo.

Ukikuta shoti kwenye njia kuu, pima kwanza kati ya njia hiyo na koili ya prosesa. Ikikaribia sifuri, mosfeti ya juu, ile swichi kati ya njia kuu na koili, imetoboka, na volti yoyote utakayoingiza itakwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Ing'oe kwanza. Kama hapo pako salama, ingiza 1 V kwenye njia hiyo kutoka kwenye pawa saplai, kikomo 3 A, paka spiriti juu ya bodi, uangalie wapi panakauka mapema, maana penye shoti hupata moto. Kwa kawaida ni kapasita ya kauri. Kwenye njia ya 19 V weka ya 25 V au zaidi. Ya 10 V haitadumu. Zikiwa nyingi sambamba, ukitoa moja mashine inaweza kuwaka bila hiyo, lakini irudishe kabla ya kumkabidhi mteja.

Kama hakuna shoti na bado imekufa, tafuta skematiki (mchoro wa saketi) kwa namba ya bodi: za Compal huanza na LA, za Quanta na DA0. Angalia chipu ya kuchaji. Kama ni BQ24735, mguu wake wa ACDET, unaotambua chaji, lazima upite 2.4 V, la sivyo chipu inaona kama chaji haipo. Volti hiyo hutoka kwenye vipinga viwili, mara nyingi 430 k (kiloomu) juu na 66.5 k chini, na kwa chaji ya 19.5 V unapata kama 2.6 V. Kutu ikipandisha kile cha juu hadi 600 k, inashuka hadi 1.95 V, na laptop nzima inalala kwa sababu ya kipande kidogo kuliko punje ya mtama. Kumbuka kipinga kilicho kwenye bodi kinaweza kusoma pungufu kikiwa kizima, lakini kikisoma zaidi ya thamani yake kimekufa. Njia ya shaba kwenye bodi ikiwa imekatika, kwangua rangi, paka flaksi (dawa ya kulehemia), unganisha kwa waya wa shaba wa 0.1 mm.

Skrini iache mwisho. Kwenye soketi yake volti ya taa huwa karibu na miguu ya data, na uchafu kidogo tu hapo unaweza kuunguza paneli au hata prosesa. Ikague kwa lenzi, na mguu uliopauka ukiuona badilisha soketi yote.

Ukishapima ACDET nitumie namba, pamoja na picha ya eneo la chaji.

Wako,
Hamisi