Mama, afisa akija mwambie kweli

Saint Paul, Minnesota
Jumapili, 3 Februari 2019

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kamwene. Bwana Yesu asifiwe. Huku tu wazima kwa neema ya Mungu, mimi na mjukuu wako mkubwa, ambaye sasa amenipita kimo na sauti imekuwa ya baba yake. Natumaini na ninyi hapo Ilula hamjambo, miguu imepunguza kuuma, na nyanya zimeshika. Barua hii naipitisha kwa mchungaji wetu, anayekuja Iringa na wageni wa Bega kwa Bega, ule urafiki wa sharika za huku na za Iringa. Nimeona simu haitoshi. Juzi tulianza kulia wote wawili, mtandao ukakata, na lile nililotaka kusema halikusemwa.

Kijana wa kaka atakusomea. Aisome polepole. Jina la mtoto wa marehemu dada, huyu tunayeomba kumwasili, yaani awe mwanetu kisheria, sikuliandika kwa makusudi, kwa sababu najua mlangoni pako hapakosi watu, na shauri la namna hii hata mahakama inalisikiliza faraghani.

Nianze na lililokuuma. Ulisema wakili alikusomea maneno ya sheria, kwamba mgeni anaweza kuasili mtoto wa Kitanzania iwapo mtoto huyo hawezi kupata malezi yanayofaa hapo nchini. Ukaniambia, "Nimelea saba, mmoja nimemzika. Leo nisimame mbele ya watu niseme nimeshindwa kulea mmoja?" Mama, tangu siku ile usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nikiwa zamu ya usiku, nikiwageuza wazee wa watu vitandani, maneno yako yananirudia.

Mimi najua nani alimwogesha mtoto huyu. Dada alipofariki Julai 2015, mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na shemeji alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Nilifika siku ya nne, mazishi yamepita. Nilikukuta jikoni, mtoto mgongoni, umemfunga kwa kitenge cha dada, kile cha bluu chenye majani, unakoroga uji kwa mkono mmoja na mwingine umeshika ukuta. Hukunisalimia. Ulisema tu, "Mpokee, mgongo umekufa." Nikampokea, naye akalia akitaka kurudi kwako mpaka kitenge kikalowa.

Kwa hiyo anayedhani karatasi ile inasema hukumlea, haijui nyumba yetu. Hiyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliandikwa kumzuia mtu wa mbali asije na fedha zake akamchukua mtoto mwenye bibi, mwenye mjomba, mwenye shamba. Ndiyo maana inauliza kwanza kama kweli hapo nyumbani hakuna wa kumlea. Mimi swali hilo nalipenda, Mama, hata likituchoma. Lingekuwa limewekwa kila mahali, watoto wengi duniani wangekuwa bado kwa bibi zao.

Na jibu letu ni la kweli. Una miaka 74. Sukari inakusumbua, jicho la kushoto limekwisha, na mwaka jana ulianguka kisimani. Siku ya kumaliza matanga, kabla hatujamjua wakili wala afisa yeyote, wewe ndiwe uliyetamka mbele ya ukoo kwamba mtoto huyu atakuwa wangu. Mimi ni mama yake mdogo, ningesemaje hapana? Afisa ustawi wa jamii atakuja Ilula mwezi wa tatu kuandika taarifa yake kwa mahakama. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie ulimlea, unampenda, na nguvu zimepungua. Usimfichie ugonjwa kwa kuona aibu, na usijidharau ukidhani ndiko kunakotusaidia. Akikuuliza kama unakubali, jibu lilo moyoni mwako. Na kama moyoni mwako jibu ni hapana, Mama, niambie mimi kabla hajafika. Sitakasirika. Nitakuja tukae.

Najua pia majirani wanauliza kwa nini mkwe wako amekaa Iringa miaka mitatu kama mtu aliyefukuzwa kazi, na mimi niko huku peke yangu. Waeleze, maana sioni aibu. Yeye alichukua uraia wa Marekani mwaka 2013, na siku aliyouchukua, wa Tanzania ukakoma, kwa kuwa nchi yetu haina uraia pacha. Hapo ndipo tuliponasa. Mimi mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu bila uraia, siwezi kumwombea viza mtoto yatima. Marekani inataka mwombaji awe raia wake. Tanzania nayo ikimtazama huyo raia wa Marekani, inasema ni mgeni. Na mgeni sharti awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto si chini ya miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi, asiwe na rekodi ya uhalifu, awe na mapendekezo ya mamlaka za huku, na aihakikishie mahakama kwamba nchi yake itaiheshimu amri yake.

Wakili alitusomea hayo kwenye simu Desemba 2015. Mkwe wako alinyamaza kwa muda, akatoka nje kufagia theluji ambayo nilikuwa nimeshaifagia, akarudi akasema, "Basi mimi naenda." Alitua tarehe 9 Januari 2016. Mtu aliyezaliwa Mufindi, akapanga foleni Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi. Na hilo neno "mfululizo" tulilishika kama lilivyo, hatukutaka mtu aje kuhesabu siku alizotoka nje. Mwanawe alipopata kipaimara hapa mwaka 2017, baba alisikiliza ibada kwenye simu niliyoiweka juu ya benchi. Kule Kihesa, Iringa, ilikuwa saa tatu kasoro usiku, na nilimsikia akiitikia Imani ya Mitume pamoja nasi, akichelewa kidogo kwa sababu ya mtandao.

Miaka hiyo mitatu imetimia mwezi uliopita. Tungekuwa tumefungua shauri siku hiyo hiyo, lakini katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, jalada letu lilipotea miezi mitano, na barua za polisi zikaisha muda zikaandikwa upya. Sasa yote yapo mezani kwa wakili. Shauri linakwenda Mahakama Kuu, kanda ya Iringa. Mahakama za chini hazina uwezo wa kutoa amri ya kuasili. Mahakama itamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri, asiwe upande wetu wala upande wako.

Mama, sasa neno la mjomba. Amenitumia ujumbe kwamba kuna kijana anayeweza kutengeneza cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha nilimzaa mimi, maana tumefanana na nani atajua, na ndani ya mwezi mtoto angekuwa kwenye ndege. Mpe shikamoo yangu. Najua anatuonea huruma. Lakini mwambie hapana, na mwambie asirudie kulisema mbele ya mtoto.

Ubalozi wakitilia shaka wanaweza kuomba vipimo vya vinasaba, na uongo ukionekana, mlango unafungwa labda daima. Ila hata wasingepima. Huku wapo watu wazima walioletwa wakiwa watoto wadogo, wazazi hawakukamilisha makaratasi, wakakua, wakaoa, wakazaa, kisha wakarudishwa kwenye nchi ambazo hata lugha yake hawaijui. Sheria iliyoanza tarehe 27 Februari 2001 inasema mtoto akiasiliwa kwa ukamilifu na kuingia kwa viza iliyo sahihi, anakuwa raia siku anayotua. Nataka binti yetu atue hivyo, asije akaogopa bahasha ya serikali akiwa na miaka arobaini. Na karatasi za uongo ndizo zilizofungia wengine njia. Ethiopia wamewazuia kabisa wageni kuasili watoto Januari mwaka jana, baada ya miaka ya malalamiko, na humo walikuwamo waliosema ni yatima kumbe mama zao wako hai, wanawangoja. Mwaka 2004 watoto karibu 23,000 waliletwa Marekani kwa kuasiliwa. Mwaka 2017 hawakufika 5,000. Watu wa kanisani wanasikitikia hesabu hiyo. Mimi nasikitikia waliokwama njiani, lakini wale ambao hawakupaswa kutoka nyumbani kwao, nafurahi wamebaki.

Na kuna hili, ambalo mjomba hakuliwaza. Dada alimzaa yule. Alikaa na uchungu siku mbili. Siwezi kuandika kwamba ni mimi. Hata njia hii ya halali itaniuma papo hapo, maana amri ikitoka, mbele ya sheria mtoto atahesabika kana kwamba amezaliwa na sisi, na ataingizwa katika rejista ya watoto walioasiliwa. Kwa hiyo nakuomba: nakala ya kile cheti cha kwanza chenye jina la dada, ile iliyogongwa muhuri, iweke sandukuni pamoja na kitenge. Siku atakayouliza, nataka nimpe vyote viwili.

Yule mama aliyetumwa kuichunguza nyumba yetu huku alikuja mara tatu. Alifungua kabati la dawa, akabonyeza kengele za moshi, akauliza tunavyoadhibu mtoto, akauliza mshahara, akauliza habari za ndoa mpaka nikainama. Kisha akauliza mtoto ananiitaje. Nikamjibu, mama mdogo. Hakuelewa, akadhani ni jina la kubembeleza. Nikamweleza kwamba kwetu dada wa mama ni mama. Alikuwapo mkubwa na mdogo, mkubwa amelala. Aliacha kuandika. Akasema, "Basi mnatuomba tuandike jambo ambalo kwenu lipo tayari." Nikamwambia ndiyo, hilo hasa.

Usharika huku unatuombea kila Jumapili, nami nashukuru kwa moyo wote. Lakini mtu akiniambia nimemwokoa mtoto, huwa namkatiza, kwa upole. Hakuwa amepotea. Mordekai alimlea Esta, binti wa baba yake mdogo, kwa kuwa hakuwa na baba wala mama, na sijasoma popote kwamba alisifiwa kwa hilo. Alikuwa ndugu yake, akamchukua. Hapo ndipo ninapoegemea ninapoomba usiku. Siombi Mungu anipe mtoto. Naomba nifike kwa yule niliyepewa na ninyi.

Mlisikia redioni kwamba serikali ya huku ilifungwa siku 35, mkaogopa. Ofisi inayoshughulikia ombi letu haikufungwa, kwa sababu inajiendesha kwa ada tunazolipa sisi waombaji. Sisi tulilipa dola 775 kwa fomu ya kwanza tu. Lakini Jumatano iliyopita baridi ilishuka nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, na hata posta hawakupeleka barua. Nilikuwa nangoja bahasha ya uhamiaji. Nilitoka nimejifunika mpaka macho kwenda kutazama sanduku nililojua ni tupu.

Yaliyobaki ni haya: taarifa ya afisa, siku ya kusikilizwa, amri, pasipoti, halafu konsuli pale Dar afanye uchunguzi wake kabla ya viza. Nitakuja kwa ajili ya mahakama, nimeshaomba likizo bila malipo. Tarehe siwezi kukuahidi, nimeshakuahidi mara nyingi mno. Kihehe mtoto hatakisahau, mkwe wako anayekaa naye anazungumza naye hicho tu wakienda sokoni, na kila Jumamosi wataendelea kuja kwako mpaka siku ya safari.

Sasa nina ombi moja dogo. Kila Krismasi mkwe wako huniletea kwa mkono wa wasafiri karatasi ya daftari aliyochorea unyayo wa mtoto, nijue kiatu. Ninazo mbili. Ya kwanza inaenea kiganjani mwangu. Ya Krismasi hii haikuja, na viatu vya baridi huku vinauzwa kwa bei nafuu mwezi huu, vikiisha ni mpaka Oktoba. Jumamosi wakija, msimamishe pale ukutani jikoni, kisigino kiguse ukuta, umchoree wewe mwenyewe, miguu yote miwili, maana wa kulia ulikuwa mkubwa kidogo. Asivae soksi. Mpe mchungaji karatasi hiyo, anarudi tarehe 24.

Wasalimie kaka na wifi, mjomba, wanakwaya, na mama wa jirani aliyekufulia nguo ulipoanguka.

Ni mimi mwanao,
mama mdogo wake