Kadi za mihuri ya mkono zinastahili picha zinazofanana nazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno kwa wenzetu, wengi wao vijana na akina mama wafanyao kazi nyumbani, wanaotengeneza kadi za salamu kwa kugonga mihuri waliyoichonga wenyewe. Kila sikukuu za Idi na Krismasi zinapokaribia, na tena katika msimu wa mahafali na harusi, kadi hizi hutangazwa kwa picha katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram, na karibu kila mara ninapobahatika kuishika kadi yenyewe huikuta ni nzuri kuliko picha iliyoitangaza. Mnunuzi wa leo huiona picha kabla hajaiona kadi, kwa hiyo anayejifunza kuchonga muhuri asijifunze kuipiga picha kazi yake amejifunza nusu ya kazi.

Wapo watakaosema kwamba kadi zimekwisha, kwa kuwa salamu sasa hutumwa kwa simu bila gharama. Kilichopungua ni kadi ya kiwandani, ile iliyofanana na elfu nyingine. Hata kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ambayo John Callcott Horsley alimchorea Henry Cole mjini London mwaka 1843, ilichapwa kwa mashine kisha ikatiwa rangi kwa mkono, na ikauzwa shilingi moja ya Kiingereza, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa siku zile asingeitoa kirahisi. Watu walilipia mkono tangu mwanzo.

Mkono huo una kazi nyingi ambazo mnunuzi hazioni. Muhuri huchongwa kwenye kifutio cha penseli, kipande cha linoleamu, ubao laini, au hata soli ya kandambili iliyochakaa, na mchongaji hulazimika kuiwaza picha yake kinyume, maana neno kama "Hongera" lisipochongwa likiwa limegeuzwa litatokea limegeuka kwenye karatasi. Kisha huja wino, ambao ndio huwaangusha wengi. Wino wa pedi za ofisini umetengenezwa kwa karatasi ya kawaida inayonyonya. Kwenye karatasi inayong'aa hupakaa, na kadi ikikaa dirishani juani hupauka. Wino wenye chembe za rangi, unaobaki juu ya karatasi badala ya kuzama ndani, hudumu zaidi lakini hukauka polepole, na kwetu huku pwani, hasa wakati wa masika, unyevu wa hewa huuchelewesha zaidi, kwa hiyo ni vyema kadi zilale zimetawanywa kwa muda wa kutosha kabla ya kupangwa moja juu ya nyingine. Muhuri wenyewe hukandamizwa wima na kuinuliwa wima bila kuyumbishwa, huku chini ya kadi pametandikwa magazeti machache ili mkandamizo uenee sawasawa (niwie radhi, Mhariri, lakini hiyo nayo ni kazi ya gazeti). Kuhusu karatasi sitasema mengi: karatasi ngumu ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba inatosha, na ile ya ukubwa wa A4 ikikatwa katikati na kila nusu kukunjwa hutoa kadi mbili za A6 zinazoingia vizuri katika bahasha ya C6. Mkunjo ufuate mwelekeo wa nyuzi za karatasi, baada ya kupitishiwa mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, la sivyo utapasuka.

Kinachoitofautisha kadi hiyo na ya kiwandani ni vitu vidogo sana: ukingo wa wino uliokolea pale muhuri ulipobana, michirizi iliyoachwa na kisu, alama hafifu ya mkandamizo, na tofauti ndogo kati ya nakala moja na nyingine. Vitu hivyo vidogo ndivyo anavyovilipia mnunuzi, na ndivyo vinavyofutika picha inapopigwa usiku kwa mwanga wa taa ya simu. Taa ya simu humulika kutoka mbele moja kwa moja, hivyo huondoa vivuli vidogo, na pasipo vivuli jicho haliwezi kutambua kwamba karatasi ina unene wala kwamba imekandamizwa.

Mwanga unaotakiwa ni wa pembeni, nao hauna gharama. Meza iwekwe karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, au barazani penye kivuli, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, kwa sababu jua la saa sita huku karibu na ikweta husimama karibu utosini na kutoa vivuli vikali visivyopendeza. Upande wa pili wa kadi, ule ulio mbali na dirisha, isimamishwe karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kwenye kivuli. Taa ya dari izimwe, kwani mwanga wake wa njano ukichanganyika na ule wa dirishani hakuna simu itakayoweza kuipata rangi halisi ya karatasi. Hata ukuta uliopakwa kijani huipaka kadi nyeupe rangi yake.

Linalowashangaza wengi zaidi ni kadi nyeupe kutokea ya kijivu. Simu hupima mwanga ikikisia kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ikikuta karatasi nyeupe tupu, huidhani imezidi mwanga na kuififisha. Dawa yake ni kuigusa kadi kwenye kioo cha simu, kisha kupandisha mwanga kidogo kwa kidole mpaka weupe urudi, na kuishia hapo kabla mistari myembamba ya wino haijaanza kumezwa. Wengine huisogeza simu karibu mno na kadi, nayo ikatokea imepanuka upande mmoja, kwa kuwa lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana. Ni afadhali kurudi nyuma hatua moja, kuvuta picha mara mbili, na kuishika simu sambamba na uso wa kadi. Lenzi ifutwe kwanza kwa kitambaa laini.

Kuhusu filta za kurembesha rangi nina msimamo mkali. Kadi za mwaliko wa harusi huchaguliwa zilingane na kitambaa cha sare na mapambo ya ukumbi, na mtu aliyeagiza zambarau akiletewa bluu ana haki ya kudai fedha zake. Picha ionyeshe kadi jinsi ilivyo, ya kwanza ikiwa ya mbele, nyingine ya ndani pamoja na bahasha yake, na moja ikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa wake ujulikane.

Kwa hiyo nawaomba wanaoendesha mafunzo ya wajasiriamali, wakiwemo SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, pamoja na vyuo vya ufundi na waandaaji wa maonyesho ya Sabasaba, waongeze somo la kupiga picha za bidhaa katika ratiba zao. Halihitaji studio wala kamera ya gharama. Dirisha, karatasi ya manila na simu ambazo washiriki tayari wanazo vinatosha kwa alasiri moja.

Nawe, Mhariri, ukiona inafaa, tenga kona ndogo kabla ya Krismasi uchapishe picha za kadi hizi. Watakaokutumia wajulishwe kwamba karatasi ya gazeti hunyonya wino na kuitia picha giza, hivyo wachague iliyo angavu kidogo, na kama wanatumia WhatsApp waitume kama dokumenti ili isibanwe na kupoteza ile michirizi ya kisu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga