Tairi lenu lililopasuka Mlandizi

Mbezi Luis,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Meneja,
Duka la Matairi,
Gerezani, Kariakoo.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA FIDIA KWA AJALI ILIYOSABABISHWA NA TAIRI MLILONIUZIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 8 Machi 2025 nilinunua kwenu matairi manne ya saizi 195/65R15 kwa ajili ya Noah yangu, kila moja shilingi 185,000. Risiti ya EFD ninayo, na karani wenu ameandika juu yake "mapya". Mafundi wenu ndio waliofunga na kujaza upepo.

Tarehe 21 Juni tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye sendofu ya mpwa wangu. Tulipoipita Mlandizi, tairi la nyuma kushoto likapasuka na gari likaingia mtaroni. Mama mkubwa alivunjika mtulinga, sisi wanne tukatoka na michubuko. Trafiki walifika, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukatibiwa hospitali ya Tumbi. Mengine yamo katika barua yangu ya kwanza.

Leo nataka kujibu mliyoniambia kwa simu, maana mlinijibu kana kwamba nimekuja kuomba msaada.

Mlisema nilikimbiza gari, nilijaza watu, na upepo ulikuwa mdogo. Spidi ilikuwa kama 80. Watu tulikuwa watano kwenye gari la watu wanane. Kuhusu upepo, njooni mlitazame tairi lenyewe. Tairi lililotembea na upepo mdogo huumia mbavuni: huchubuka kuzunguka lote na kupondeka kwa ndani. Hili mbavu zake nzima. Kilichotoka ni ngozi ya juu, ile yenye kashata, yaani meno yanayoshika barabara, imebanduka kwenye nyaya kama ganda la ndizi, na kwenye mifereji ya kashata zilizobaki kuna nyufa. Kashata zenyewe bado ndefu, kwa hiyo msiseme lilikuwa kipara.

Sababu niliiona nilipolitoa kwenye rimu. Baada ya herufi za DOT kuna tarakimu nne: 3116. Nanyi mnajua kuliko mimi kwamba hiyo ni wiki ya 31 ya mwaka 2016. Siku mnaniuzia "jipya" lilikuwa na miaka minane na miezi saba. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, hewa na joto vinaukausha, na joto la mabati ya Gerezani tunalijua sote. Namba hiyo iko upande mmoja tu wa tairi, na fundi wenu aliufunga upande huo kwa ndani. Sisemi alikusudia. Nasema mimi nisingeiona hata ningeinama.

Mkasema tena: "Sisi ni wauzaji tu, kalalamike kiwandani." Pesa yangu sikumpa mwenye kiwanda. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni na kinachofaa kwa kazi yake, iwe anajua kasoro au hajui. Mkishanilipa, nendeni nyinyi mkamdai aliyewauzia. Kibao chenu cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kinamhusu aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya kapeti.

Mama mkubwa hakununua chochote kwenu, na nadhani mnategemea hilo. Basi mwulizeni wakili wenu kesi ya Donoghue na Stevenson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932: mama aliyenunuliwa kinywaji na rafiki yake, na ndani ya chupa, kwa madai yake, mlikuwa na konokono. Mahakama ilisema mtengenezaji anawajibika hata kwa mtumiaji ambaye hawana mkataba naye. Kwa tairi lililokaa miaka minane mikononi mwa wauzaji kabla ya kufungwa, sioni kwa nini muuzaji ajifiche nyuma ya mtengenezaji.

Bima yangu ni ndogo, hailipi matengenezo ya gari langu. Kwa hiyo nadai 740,000 za matairi, 2,350,000 za gereji na 480,000 za matibabu, jumla shilingi 3,570,000, ndani ya siku 21. Mkikaa kimya nitakwenda Tume ya Ushindani, kisha mahakamani. Muda ninao: madai ya mkataba yana miaka sita, ya uzembe mitatu.

Kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko pesa. Matairi mengine mawili mliyonifungia nayo yameandikwa 3116, kwa hiyo ulikuwa mzigo mmoja. Daftari la mauzo mnalo. Wapigieni simu walioyachukua. Marekani mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliita yarudishwe matairi milioni 6.5 yaliyokuwa yakibanduka ngozi hivihivi, baada ya watu wengi kufa. Nyinyi wateja wenu labda hawazidi hamsini.

Mwisho, mmeniomba nilete tairi dukani "likakaguliwe". Silileti. Ndilo shahidi wangu. Limo kwenye kiroba nyumbani, pamoja na vipande nilivyookota barabarani. Mnaotaka kulikagua njooni na mhandisi wenu, nami nitakuwa na wangu, mjumbe wa mtaa akiwepo. Jumamosi yoyote kuanzia saa nne asubuhi nipo.

Wako,
Mnunuzi wa tarehe 8 Machi

Nakala: Tume ya Ushindani, Dar es Salaam